Waindingi ina omu 2 tu, mbona mota haivuti ampea 200?

Mwanagenzi wa Nyaya

Habari wakuu. Najifunza misingi ya AC (mkondo geu, umeme wa ukutani) na kuna mahali hesabu inanigomea kabisa.

Mota ni ya mashine ya kusaga, fezi tatu. Kibati chake kinasema: 7.5 kW, 400 V delta / 690 V sta, 15 A, cos φ 0.84, 1440 rpm, 50 Hz. Umeme ukiwa umezimwa, nilitoa vile vibati vya shaba kwenye boksi la tamino nikapima kila waindingi (koili ya shaba ya ndani ya mota) peke yake kwa multimita. U1–U2 omu 2.0, V1–V2 omu 2.0, W1–W2 omu 2.1.

Kwa kanuni ya Ohm, 400 ÷ 2 = ampea 200 kwenye kila waindingi. Kibati kinasema 15. Halafu 400 × 15 = wati 6,000, na hizo hazifiki hata 7,500 zilizoandikwa. Ama multimita yangu mbovu, ama kanuni ya Ohm haihusu AC, ama kuna kitu sijakielewa. Nahisi ni hilo la tatu.

Swali la pili: nikitaka kuyaona haya kwa mikono bila kugusa volti 400, nianze na vifaa gani?

---

Tamino Sita

Mkuu, multimita yako nzima. Ila kabla ya kuamini ile 2.1 ya W, gusanisha ncha za waya za multimita uone inasoma ngapi. Nyingi husoma 0.2 hadi 0.5 zenyewe, na kwenye kitu cha omu 2 hiyo si ndogo. Itoe kwenye kila kipimo. Waindingi tatu zikipishana kwa sehemu ya kumi ya omu kwenye multimita ya kawaida, usiumize kichwa. Wasiwasi uanze ukiona mbili zinasoma 2.0 na moja 1.4.

Na umefanya vizuri kutoa vile vibati. Ungeviacha kwenye delta (waindingi tatu zimefungwa pembetatu), U1 hadi V1 ungesoma omu 1.33, kwa sababu waindingi moja ya omu 2 ingekuwa sambamba na mbili zilizofuatana zenye jumla ya 4. Ungezifunga sta (ncha moja ya kila waindingi zimekutanishwa pamoja) ungesoma 4. Watu wengi huitangaza mota mbovu hapo.

Sasa ampea 200. Hiyo hesabu ni sahihi kabisa kwa umeme wa DC, kama wa betri. Ungeitia waindingi hiyo volti 400 za DC, ingevuta ampea 200 mpaka iungue. Kwenye AC waindingi haisubiri ukinzani wa shaba uuzuie mkondo. Mkondo unaopanda na kushuka hutengeneza usumaku unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na usumaku huo, ukipita kwenye koili ileile iliyouzaa, unazalisha volti zinazopingana na zile za laini. Mota ikizunguka bila mzigo, volti hizo za upinzani zinakaribia zile 400 zenyewe. Ni sawa na watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu kwa upande wake: kinachousogeza mlango ni tofauti ya nguvu zao, na tofauti hiyo ni ndogo. Ndiyo maana mota inakaa kwenye laini siku nzima bila kuungua.

Kwa namba zako: mkondo wa laini ni 15 A, na kwenye delta kila waindingi inapata 15 ÷ 1.732 = 8.66 A. Kwa hiyo impidansi (uzuiaji wote wa mkondo kwenye AC) ya waindingi kwenye mzigo kamili ni 400 ÷ 8.66 = omu 46. Kati ya hizo, 46 × 0.84 (ile cos φ ya kibati, yaani pawa fakta) = omu 39 hivi zinafanya kazi kama ukinzani, na omu 25 ni riaktansi, yaani uzuiaji unaotokana na usumaku. Usizijumlishe 39 na 25 kama mahindi. Zinajumlishwa kwa Pythagoras, mraba na mraba halafu kipeuo.

Angalia tena hapo. Omu 39, na wewe umepima 2. Zile 37 nyingine hazipo kwenye shaba hata kidogo. Karibu zote ni unga unaosagwa: kazi inayotoka kwenye shafti inaonekana kwenye laini kana kwamba ni ukinzani.

Wati: kwenye fezi tatu ni 1.732 × 400 × 15 = VA 10,390 (volti mara ampea). Zidisha kwa 0.84, unapata wati 8,730 zinazoingia. Zile 7,500 za kibati ni zinazotoka kwenye shafti, si zinazoingia. Ufanisi 7,500 ÷ 8,730 = asilimia 86. Zilizobaki, wati 1,230 hivi, ni joto: shaba ya stata (sehemu isiyozunguka) peke yake inakula 3 × 8.66² × 2 = wati 450, nyingine zinaishia kwenye rota (sehemu inayozunguka), kwenye chuma, kwenye beringi na feni. Kwa hiyo kipimo chako cha omu 2 hakikupotea bure. Hakikuambii mkondo, kinakuambia joto.

---

Koili Baridi

Naongezea alipoishia Tamino Sita, na kumsahihisha kidogo. Ile omu 46 ni ya mota iliyoshika kasi ya 1440 tu. Sekunde ya kwanza, rota ikiwa bado imesimama, si hiyo.

Usumaku wa stata unazunguka 120 × 50 ÷ 4 = mizunguko 1,500 kwa dakika (hii ni mota ya nguzo 4). Rota inakwenda 1,440. Inabaki nyuma kwa mizunguko 60, yaani asilimia 4, na huko kubaki nyuma ndiyo slipu. Isingebaki nyuma, fito za rota zisingekatwa na usumaku, zisingekuwa na mkondo, na shafti isingekuwa na nguvu. Kwenye mzigo kamili, umeme ulio ndani ya rota una hezi 2 tu. Rota ikiwa imesimama, una hezi 50 na volti mara 25 ya zile za kwenye kasi kamili, na mkondo mkubwa wa rota unadai mkondo mkubwa wa stata, kama transfoma iliyopigwa shoti ncha za upande wa pili.

Mota ya namna hii ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hadi 7 ya mkondo wa kibati. Chukua mara 7: ampea 105 za laini, ambazo ni 60.6 kwenye waindingi. 400 ÷ 60.6 = omu 6.6. Kwa hiyo hata ikiwa imesimama kabisa haifiki omu 2 yako, kwa sababu sehemu ya usumaku wa stata haiifikii rota na inaendelea kuzuia. Lakini omu 46 imekuwa 6.6. Mawe yakikwama na mahindi mabichi, mota inarudi kwenye hali hiyohiyo, na joto la shaba linakwenda kwa mraba wa mkondo: mara 7 ya mkondo ni mara 49 ya joto. Sekunde chache tu inanuka.

Umeme mdogo nao unacheza hapohapo. Mwishoni mwa laini ndefu ukipima 340 badala ya 400, torki (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa ambayo mota inaweza kuitoa inashuka kwa mraba: 0.85 × 0.85, unabaki na asilimia 72. Mawe hayajui kama umeme umepungua, yanataka nguvu ileile, basi rota inabaki nyuma zaidi na mkondo unapanda kufika kama ampea 17 na nusu. Wenye mashine hulalamika kwamba "umeme mdogo unaunguzaje mota?" Unaunguza kwa njia hiyo.

---

Mwanagenzi wa Nyaya

Shukrani sana wakuu, hapo kwenye omu 37 za unga nimepata mwanga. Sasa nauliza: kibati kinasema 400 delta / 690 sta. Nikiifunga sta kwenye hii 400 yetu itaharibika? Na mota nyingine imeandikwa 230 delta / 400 sta, hiyo tofauti yake ni nini? Pia pawa fakta: nikifunga kepasita, uniti zitapungua?

---

Bisibisi

Namba ndogo ya volti kwenye kibati ndiyo volti ambazo waindingi moja inazitaka. Mengine yote yanatoka hapo.

Mota yako inataka 400 kwenye waindingi. Laini hadi laini tunayo 400, kwa hiyo delta. Ukiifunga sta, kila waindingi inapata 400 ÷ 1.732 = volti 231. Torki inakwenda kwa mraba wa volti, basi unabaki na theluthi moja. Itazunguka vizuri ikiwa tupu, utafurahi, kisha utamwaga mahindi na itazama: kasi inashuka, mkondo unapanda, na ikiachwa inaungua taratibu.

Ile ya pili inataka 230 kwenye waindingi, kwa hiyo hapa kwetu ni sta tu. Ukiifunga delta kwenye 400, waindingi ya 230 inalishwa 400. Chuma kinajaa usumaku mpaka hakipokei tena, yale mapingano aliyoeleza Tamino Sita hayawezi kupanda zaidi, na mkondo unaruka hata bila mzigo wowote. Inanguruma, na ndani ya dakika chache ni moshi. Hii inatokea sana mota ikitoka kwenye kusukwa upya na vibati vikarudishwa kwa kukisia. Soma kibati kila mara, usifuate jinsi ulivyozikuta.

Sta-delta sasa, yaani kuwasha kwenye sta kisha kuhamia delta. Inafaa kwa mota yako, haifai kwa ile ya pili. Kuanzia kwenye sta kunateremsha mkondo wa laini hadi theluthi: 105 inakuwa 35. Torki nayo theluthi. Kwa hiyo:

- Washa mashine ikiwa tupu, kinu hakina kitu. Ukiwasha na mahindi ndani haitafika kasi.
- Taima iweke sekunde 5 hadi 10, ila usiikariri namba. Sikiliza: mlio ukitulia ndipo ihame. Ikihama mapema, rota iko chini ya kasi na delta inapiga ule mkondo mkubwa uliokuwa unaukwepa.
- Kontakta (swichi ya sumaku) ya sta na ya delta lazima zizuiane, kwa waya wa kontakti saidizi na ikiwezekana kwa kizuizi cha kimitambo pia. Zikishikana pamoja ni shoti ya laini tatu.

Na hili la ovalodi (kifaa kinachokata umeme mkondo ukizidi) ndilo linaloua mota nyingi zilizofungwa sta-delta. Ovalodi ikikaa kwenye laini kabla ya kontakta zote, iweke 15 A. Ikikaa baada ya kontakta kuu, kwenye waya tatu zinazoingia U1, V1, W1, hapo inaona mkondo wa waindingi, si wa laini: iweke 15 × 0.58 = 8.7 A. Fundi anasoma 15 kwenye kibati, anaweka 15, na mota inabaki bila ulinzi wowote wa maana mpaka siku ya mzigo.

Fezi ikikatika, hesabu ni hii. Mota inazunguka na mzigo kamili, fyuzi moja inakufa. Laini mbili zilizobaki zinapanda hadi 15 × 1.73 = ampea 26. Kwenye delta waindingi moja inabaki kati ya laini mbili hai moja kwa moja na inabeba theluthi mbili ya hizo, ampea 17.3, wakati kipimo chake ni 8.66. Mkondo mara 2, joto mara 4. Ndiyo maana ukifungua mota ya delta iliyokufa kwa fezi utakuta kundi moja la koili limekuwa mkaa na mawili mazima. Kwenye sta utakuta mawili yameungua na moja zima. Ni ushahidi mzuri pale fundi na mwenye mashine wanapobishana. Nunua ovalodi yenye kuhisi fezi iliyokufa, na usiipandishe hadi 25 "isisumbue".

Ikikatika mota ikiwa imesimama, haitaanza kabisa, itanguruma tu. Fezi moja haitengenezi usumaku unaozunguka, unapanda na kushuka mahali pamoja. Kwa sababu hiyohiyo pampu ya maji ya fezi moja ina kepasita: waindingi ya pili inalishwa mkondo uliotangulia kwa pembe, na ndipo usumaku unapata upande wa kuzungukia. Pampu inayonguruma na ukiisukuma feni yake inaondoka, tazama kepasita kwanza. (Kwa kijiti, si kwa kidole.)

---

Tamino Sita

Kuhusu kepasita na uniti. Mteja wa LUKU (mita ya kulipia kabla) wa kawaida analipia kWh, na kWh ni zile wati 8,730 zikizidishwa kwa saa. Kepasita haizigusi. Inachogusa ni ile sehemu nyingine: VA 10,390 na wati 8,730 zina pembetatu kati yao, na upande wa tatu ni VAr 5,640, umeme unaokwenda na kurudi kujenga usumaku bila kusaga punje moja. Kepasita inautoa umeme huo palepale kando ya mota badala ya kuuleta kutoka kwenye transfoma.

Ukifunga benki ya 2.5 kVAr, zinabaki 3,140, VA inakuwa 9,280, na laini inashuka kutoka 15 hadi 13.4 A. Pawa fakta 0.94. Waya unapoa kidogo, volti hazishuki sana njiani, na upotevu wa ndani ya waya wako unapungua, basi. Mteja mkubwa anayetozwa kwa kVA huyo anaona pesa. Mwenye kinu kimoja anayenunua kepasita akitarajia uniti kupungua kwa theluthi ameuziwa maneno.

Ndani ya mota yenyewe bado ni 15 A. Ndiyo maana kepasita ikifungwa upande wa mota baada ya ovalodi, ovalodi inaona 13.4 na inabidi uishushe. Usizidishe pia: ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na mota, ibaki chini ya asilimia 90 ya VAr ambazo mota inavuta ikiwa tupu. Ikizidi, ukizima, mota inayoendelea kuzunguka inageuka jenereta na volti zinapanda kwenye tamino wakati unadhani umekata umeme. Kwenye sta-delta ipe kepasita kontakta yake upande wa laini. Na kama mota inaendeshwa na inveta ya kubadilisha kasi, usiweke kepasita kati ya inveta na mota, utaiua inveta.

Zoezi la mikono sasa. Transfoma ya 230/12 V ya ampea 1, rezista ya omu 100 ya wati 5, kepasita ya pampu ya 30 µF (zile nyeupe za plastiki zisizo na chanya na hasi, ile ya elektroliti ya redio itapasuka kwenye AC), na multimita. Upande wa 230 ufunikwe kabisa na uwe na fyuzi. Funga rezista na kepasita mfuatano kwenye 12 V.

Riaktansi ya kepasita kwa hezi 50 ni 3,183 ÷ µF, kwa hiyo 106. Impidansi ni kipeuo cha 100² + 106² = 146. Mkondo 12 ÷ 146 = mA 82. Pima kwenye rezista utapata 8.2 V, kwenye kepasita 8.7 V. Jumla 16.9, na chanzo ni 12! Hapo ndipo AC inapoingia kichwani. Volti hizo mbili hazifiki kileleni pamoja, moja ikiwa juu nyingine iko sifuri.

Ukimaliza, tafuta choki ya taa ya tyubu ya 36 W. Ipe 12 V za betri na upime mkondo, kisha 12 V za AC. Koili ni ileile, volti zilezile, na mkondo wa AC utakuwa mdogo mara kadhaa. Ni swali lako la ampea 200 kwa kipimo kisichoua.

---

Koili Baridi

Kepasita ya mota usiishike kwa vidole baada ya kuitoa kwenye 230. Kilele cha 230 V ni volti 325, na inaweza kubaki nazo. Imalize kwa rezista ya kilo-omu 10 au zaidi kidogo kwa sekunde kadhaa, si kwa bisibisi. Cheche zinaharibu kepasita yenyewe.

---

Mwanagenzi wa Nyaya

Nimefanya zoezi. Transfoma yangu inatoa 13.6 V, si 12. Kwenye rezista 9.2, kwenye kepasita 9.9. Kwa Pythagoras napata 13.5. Hiyo 0.1 inayopungua ni kwa sababu rezista na kepasita zina asilimia 5 za kupotoka?

---

Tamino Sita

Hapana. Rezista ingekuwa 95 au 105, Pythagoras ingetimia vilevile, volti zote mbili zingehama pamoja. Hiyo 0.1 ni multimita, na umeme wa ukutani kucheza kati ya kipimo kimoja na kingine. Na 13.6 ni kawaida, transfoma ndogo inatoa 12 ikiwa na mzigo wake kamili, wewe umeipa chini ya ampea 0.1.

Ila tumia namba zako vizuri. 9.2 ÷ 100 = mA 92. 9.9 ÷ 0.092 = omu 107.6. 3,183 ÷ 107.6 = µF 29.6. Umepima kepasita yako bila kipimo cha kepasita, na iko nzima. Kama rezista si 100 kamili, ipime kwanza kwa multimita. Ukifanya hivi kwenye kepasita ya pampu iliyoandikwa 30 ukapata 20, itupe.